Vijana wa Soweto waliokulia Mazimbu: ardhi tuliwapa, je, tuliishi nao?

Mluguru wa Kihonda:

Wakuu, salaam.

Kila ikifika 16 Juni watu wanarusha ile picha ya Hector Pieterson akiwa amebebwa baada ya kupigwa risasi, mtoto wa miaka 12, wanaandika mistari miwili kuhusu Soweto, kitongoji cha Waafrika kule Johannesburg, yanaisha. Leo nataka tuongelee kipande cha habari hiyo kilichopo kwetu Morogoro, ambacho hata wenyeji wengi hawakijui vizuri. Wale ambao hawakufa mwaka 1976, wakakimbia, waliishije huku?

Kwa wasiofuatilia, naeleza haraka. Makaburu waliotawala Afrika Kusini walikuwa na sheria ya elimu ya mwaka 1953 iliyowatengea Waafrika elimu yao, duni kwa makusudi. Verwoerd, aliyeisukuma, hakuficha kwamba haoni faida ya kumfundisha mtoto mweusi hesabu ambazo hatazitumia kwenye kazi za kibarua. Baadaye ikaja amri kwamba hesabu na maarifa ya jamii yafundishwe kwa Kiafrikaans. Wanafunzi wakaandamana, polisi wakafyatua risasi, na miezi iliyofuata ikawa ya misako. Maelfu wakavuka mipaka kuingia Botswana, Swaziland na Lesotho. Wengi hawakuaga nyumbani, maana mama asiyejua kitu hata akibanwa hana cha kusema.

ANC, chama cha ukombozi cha Afrika Kusini, kilikuwa kimepigwa marufuku tangu 1960. Kilikuwa chama cha watu wazima walioko uhamishoni, ghafla kikajikuta mlezi wa watoto. Na watoto wenyewe walikuja wakitaka bunduki. Waliokuwa wadogo mno kwa jeshi wakaambiwa warudi darasani. Hebu jiweke hapo: umetoka kwenye mgomo wa shule, umemwona mwenzako akianguka, umevuka mpaka gizani, unafika kwa wapigania uhuru unaambiwa kaa chini tuanze aljebra.

Mwaka 1977 serikali yetu ikawapa shamba la zamani la mkonge pale Mazimbu, lililokuwa limetelekezwa. Mkuu wa mkoa alikuwa Mama Anna Abdallah, na alikuwa mstari wa mbele katika jambo hilo. Waliotangulia walianza kwa kukarabati majengo ya shamba, kisha mhandisi wao, Oswald Dennis, akasimamia ujenzi mkubwa. Tarehe 6 Aprili 1979 makaburu wakamnyonga Solomon Mahlangu, kijana wa Mamelodi mwenye miaka 22, ambaye naye alitoka nchini baada ya Soweto na kurudi na silaha. Shule ikapewa jina lake. Oliver Tambo alipoizindua rasmi mwaka 1985, palikuwa mji kamili: shule ya msingi na sekondari, kituo cha watoto cha Charlotte Maxeke, hospitali ya msaada wa Waholanzi, banda la nguruwe, ng'ombe wa maziwa, kiwanda cha samani. Fedha zilitoka sana Sweden, Norway na kwingineko Ulaya, na baadhi ya walimu walitoka Ujerumani Mashariki.

Sasa hoja yangu. Sisi Watanzania tunajisifu kwamba tuliwapokea. Kweli tuliwapokea. Ila ukiangalia maisha ya wale vijana, hawakuhamia Tanzania. Walihamia Mazimbu, kisiwa cha peke yao. Masomo kwa Kiingereza, mitihani ya Uingereza, chakula cha bwalo lao, hospitali yao, mikutano yao. Mitaani kwao walizungumza Kizulu, Kisotho, Kixhosa na lugha ya vijana wa Soweto. Kuna walioishi pale miaka kumi wakaondoka wakijua Kiswahili cha kusalimia na kununua pombe tu. Tambueni kwamba silaumu mtu hapo. Mtu anayeamini kwamba mwakani atarudi kwao hana haraka ya kujifunza lugha ya jirani, na kila mwaka ANC kiliwaambia, na wao wakaambizana, kwamba ni mwakani.

Jambo la pili ambalo huwa linanifikirisha ni kazi za mikono. Sera ya shule ilikuwa elimu pamoja na uzalishaji, kila mwanafunzi ashike jembe, abebe tofali, alishe nguruwe. Kwetu hapa haikuwa ajabu, tuliolelewa na Elimu ya Kujitegemea tumelima mashamba ya shule mpaka mikono ikaota sugu. Kwao ilikuwa kidonda. Wamekimbia mfumo uliowaambia kwamba mtu mweusi kaumbiwa kibarua, wanafika kwenye shule ya ukombozi wanapewa jembe. Walisusa, walitega, walijifanya wagonjwa, na wakubwa wakawaona wavivu wa mjini. Mimi sioni uvivu pale. Naona kijana ambaye hakuelezwa vya kutosha jembe hili lina tofauti gani na lile.

La tatu ni majina. Ukifika uhamishoni unapewa au unajichagulia jina jipya, la zamani unalifungia. Ilikuwa kinga kwa ndugu waliobaki. Lakini ana miaka 16 huyo, ndiyo kwanza anatafuta yeye ni nani. Unalala chumba kimoja na rafiki miaka minne, hujui jina alilopewa na baba yake. Barua za nyumbani zilikuwa za hatari, wengi walikaa miaka bila kujua kama mzazi yu hai.

Naomba michango, hasa wenyeji wa Morogoro na waliofanya kazi pale.

---

dogo_SUA:

Mkuu, mimi nasoma hapo hapo Mazimbu, siku hizi ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine (SUA), na nakiri nusu ya hayo nilikuwa siyajui. Tunapita kwenye makaburi yao kila siku. Ukisoma tarehe kwenye mawe unashtuka, wengi ni vijana wa umri wetu. Walikufa na nini?

---

Mwl_Mstaafu:

Dogo, malaria ilikuwepo kwenye orodha, na ajali pia. Kijana wa Johannesburg hajawahi kukutana na mbu wa Morogoro. Mji ule uko juu, kuna baridi, malaria hakuna. Anashuka kwenye bonde la Ngerengere hana kinga yoyote mwilini. Sisi mtu akiumwa homa anakunywa dawa, kesho yuko shambani, mwenzetu analazwa.

Mluguru, uzi mzuri ila naomba nitofautiane nawe kuhusu kisiwa. Nimefundisha mkoa huu kipindi hicho. Pale Mazimbu walijaa vibarua wetu: mafundi uashi, madereva, wapishi, watu wa shambani. Nusu ya Kihonda ilipata riziki kwenye ule ujenzi. Na usisahau miaka yenyewe. Tumetoka vita vya Kagera, dukani hakuna sabuni, sukari kwa foleni. Wao wanaletewa marobota ya nguo na misaada kutoka Ulaya. Unadhani watu hawakuonana? Walionana sana. Suruali ikitoka Mazimbu jioni, asubuhi imevaliwa na kijana wa Kiluguru, na mwenye suruali amelala na harufu ya gongo. Uongozi wao ulipiga vita biashara hiyo, haikuisha.

---

Mluguru wa Kihonda:

Mwalimu, shikamoo. Hapo umenipa nguvu badala ya kunipinga. Biashara ya suruali kwa gongo ndiyo uhusiano wa kijana aliyechoka kusubiri. Ninachouliza ni kama kulikuwa na mlango mwingine zaidi ya huo wa uani. Kuna mwanafunzi wa Mazimbu aliyekaa darasa moja na mwanafunzi wa Morogoro Sekondari? Kwa utaratibu wa kawaida hapakuwa na kitu hicho.

---

Mwl_Mstaafu:

Marahaba. Michezo ilikuwepo, mpira walikuja kucheza, na kwaya yao ikiimba watu walijaa. Darasa moja, hapana.

---

Kachero Mstaafu:

Nyinyi vijana mnazungumza kana kwamba kule kuwatenga na wenyeji kulikuwa roho mbaya. Tazameni kilichokuwa kinatokea. Onkgopotse Tiro, kiongozi wa wanafunzi, alikimbilia Botswana, akatumiwa kifurushi kikamlipukia mkononi, Februari 1974. Ruth First, Maputo, Agosti 1982, vilevile, kifurushi. Matola Januari 1981 makomando waliingia Msumbiji wakaua watu kwenye nyumba walizolala. Maseru Desemba 1982. Gaborone Juni 1985. Tanzania tulikuwa mbali na mpaka, na ndiyo sababu watoto waliletwa huku, siyo kwa ajili ya mandhari ya Uluguru. Lakini mbali haimaanishi salama. Mgeni yeyote aliyeingia kambini alikuwa swali. Na wageni wenyewe kwa wenyewe walishukiana, maana majasusi wa makaburu walipenyezwa kama wakimbizi.

Kwa hiyo barua ikifunguliwa, au mgeni akihojiwa siku nzima getini, ni kwa sababu hiyo.

---

BintiKatani:

Mzee, hakuna anayebisha kuhusu ulinzi. Ila fikiria na upande wa mtoto. Amekimbia polisi wanaomshuku kwao, anafika anapokimbilia anakuta anashukiwa tena, safari hii na ndugu zake. Kule Dakawa, kambi nyingine ya ANC mkoani hapa, mgeni alikaa kwanza, akachunguzwa, akapimwa kiwango chake cha elimu kwenye kile kituo kilichopewa jina la huyo huyo Ruth First. Kuna waliobaki hapo muda mrefu bila kujua watapelekwa wapi. Na Dakawa ya miaka ya themanini ilikuwa mahema, jua na vumbi.

---

Chuma cha Reli:

Mmetaja Dakawa na hakuna aliyethubutu kusema. Ajali iliyomuua Waziri Mkuu Sokoine, 12 Aprili 1984, Wami Dakawa. Gari lililogongana na msafara wake liliendeshwa na nani? Mkimbizi wa Afrika Kusini. Tuanzie hapo.

---

Mluguru wa Kihonda:

Tusianzie hapo, mkuu. Kwamba dereva alikuwa kijana mkimbizi wa ANC ni kweli na linajulikana. Ya zaidi ya hapo yana nyuzi zake, tena ndefu, na zote zinaishia kwenye matusi. Ninachoweza kusema kwa uzi huu ni kwamba nchi nzima ililia, na kijana mmoja wa kigeni akawa sura ya msiba ule. Ukiwa mkimbizi, kosa la mmoja wenu mnalibeba wote. Sidhani kuna kijana wa Dakawa aliyekwenda sokoni wiki ile akiwa na amani.

---

dogo_SUA:

Halafu leo chuo kina jina la Sokoine na kampasi ina jina la Mahlangu. Nilikuwa sijawahi kuliona hilo.

---

Pwani Yetu:

Naomba niongeze kitu cha kulinganisha, maana Mazimbu haikuwa ya kwanza. FRELIMO walikuwa na Taasisi ya Msumbiji pale Kurasini tangu miaka ya mwanzo ya sitini, Janet Mondlane ndiye aliyeisimamia. Vijana waliokimbia Wareno walisoma hapo. Shida ilianza pale chama kiliposema kila mwanafunzi lazima awe tayari kwenda mstari wa mbele, wakati wengi walikuwa wanatazamia nafasi za masomo ng'ambo. Machi 1968 pakachafuka, vurugu, taasisi ikafungwa.

Sasa ona maajabu. Kurasini vijana walitaka vitabu, wakubwa wakawataka vitani. Mazimbu vijana walitaka vita, wakubwa wakawataka kwenye vitabu. Pande zote mbili kijana hakuulizwa. Nadhani hilo ndilo gumu zaidi ya lugha na mbu. Ulikimbia kwenu kwa sababu ulikataa kuamuliwa, unafika ugenini chama ndicho baba, mama, mwalimu, mwajiri na polisi. Anakupa nguo, anakupa nauli, anaamua uende kusoma Bulgaria au ubaki jikoni. Ukikosana naye huna pa kwenda, kwa sababu hata kibali chako cha kukaa nchini kimepitia kwake.

---

Mluguru wa Kihonda:

Hii nimeiweka kwenye kumbukumbu zangu. Ongezea na hili: Tsietsi Mashinini, aliyeongoza maandamano yenyewe ya 1976, hakutaka kujiunga na ANC. Umaarufu wake ulikuwa mkubwa kuliko wa viongozi wengi waliokuwa nje. Alizunguka, akaishi Liberia, akafia Guinea mwaka 1990, mwaka ule ule wenzake walipoanza kufungua masanduku kwa ajili ya kurudi. Na yule kijana aliyembeba Hector kwenye picha, Mbuyisa Makhubo, alikimbia pia, habari zake za mwisho ni barua kutoka Nigeria mwaka 1978. Ukiwa nje ya chama ulikuwa huru, na hapakuwa na wa kukuzika.

---

Mbeya Kwetu:

Msiwasahau PAC, chama kingine cha ukombozi cha Afrika Kusini. Walikuwa na kambi Itumbi kule Chunya na nyingine Bagamoyo. Kwao hapakuwa na hospitali ya Waholanzi wala kwaya. Migogoro ya viongozi wao iliwatafuna, Sibeko, mmoja wao, akauawa Dar 1979, Chunya damu ikamwagika 1980. Vijana wa Soweto ile ile, wengine labda darasa moja. Aliyepanda lori la chama hiki alipata shule, aliyepanda la kile akapata pori. Bahati tu.

---

BintiKatani:

Nimesubiri nione kama kuna mwanamume atakayeligusa hili, naona kimya, basi naligusa mimi.

Wasichana. Walikimbia nao, walirusha mawe nao. Walipofika Mazimbu walikuwa wachache kuliko wavulana, katikati ya vijana wasio na wazazi na watu wazima wenye vyeo. Mimba zikaja. Msichana akipata mtoto alisimama masomo, akahamishiwa kwenye kile kituo cha Charlotte Maxeke kulea. Mvulana aliendelea na kidato chake. Wapo waliorudi darasani baadaye, wapo ambao safari yao ya elimu iliishia pale pale. Ukombozi ulikuwa kwenye bango, jikoni mambo yalikuwa kama kwingine.

Halafu wasichana wetu. Mwalimu hapo juu amesema walionana sana. Walionana, ndiyo. Wanawake wengi wa Morogoro walizaa na wapigania uhuru, wengine waliolewa kabisa. ANC kilitaka ruhusa iombwe kabla ya ndoa, na wengine hawakupewa, au walioana kimila kwa wazazi wa mke bila karatasi ya chama. Ilipofika Februari 1990 marufuku ikaondolewa, Mandela akatoka, na kufikia 1992 Mazimbu yote inakabidhiwa serikali yetu, ile karatasi ndiyo ikawa kila kitu. Aliyekuwa nayo alipanda ndege na mumewe. Asiyekuwa nayo alibaki na mtoto mwenye jina la ukoo ambao haupo.

Mwenye ushahidi kwamba nasema uongo alete.

---

Mwl_Mstaafu:

Husemi uongo, mwanangu. Nimefundisha watoto wawili wa namna hiyo.

---

Kachero Mstaafu:

Na waliokwenda nao hawakukuta pepo. Mwanamke ametoka hapa akijua anakwenda kwa shujaa, anafika anakuta mume hana kazi, mama mkwe hamtaki, mtaani anaitwa majina wanayoitwa wageni wote kutoka kaskazini. Amekuwa mkimbizi yeye sasa.

---

Chuma cha Reli:

Hapo ndipo huwa nasema tulifanya kazi ya bure. Tuliwalea, leo wanachoma maduka ya Waafrika wenzao.

---

Mluguru wa Kihonda:

Chuma, waliochoma maduka 2008 na baadaye si hao waliolelewa Mazimbu. Na hapa nageuza hoja yangu kidogo, kwa sababu ya michango yenu. Wale waliorudi walikuwa wageni pia kwao. Umeondoka na miaka 15, unarudi na 31. Kijiwe chako hakipo, rafiki zako wana watoto wa sekondari, ndugu wanakuuliza umeleta nini kutoka Ulaya wakati umetoka Morogoro. Baadhi waliona wameonewa wivu na waliobaki, na waliobaki nao wana haki yao, risasi za miaka ya themanini zilipigwa wao wakiwepo. Kuna mtu amewahi kuniambia kwamba alichokikosa zaidi ni kengele ya bwalo, kwa sababu pale kila kitu kilikuwa na saa yake na mtu wa kukuuliza umekula. Kwao hakuna aliyeuliza.

Kwa hiyo kama Mazimbu ilikuwa kisiwa, kilikuwa chao. Hilo sikulipa uzito nilipoanzisha uzi.

---

Pwani Yetu:

Bado nakubaliana na wewe wa mwanzo. Kisiwa kizuri, lakini mngewafundisha Kiswahili masaa mawili kwa wiki kisingezama.

---

mtoto_wa_85:

Habari zenu. Nimesoma kimya kutoka mwanzo. Mimi ni mmoja wa hao BintiKatani aliowaandika. Mama alifanya kazi ya usafi Mazimbu. Jina la baba ninalo, lakini baada ya kusoma hapa naona huenda ni lile la uhamishoni. Kuna mtu anajua pa kuanzia?

---

BintiKatani:

Karibu ndugu yangu. Kumbukumbu za shule hazipo tena Morogoro, zilihamishiwa Chuo Kikuu cha Fort Hare, mji wa Alice, Eastern Cape, pamoja na nyaraka nyingine za ANC. Waandikie kitengo cha nyaraka. Usipeleke jina peke yake, halitoshi. Kaa na mama kwanza, andika alifanya idara gani huyo baba: ujenzi, shamba, hospitali, karakana ya samani, au alikuwa mwanafunzi. Aliondoka mwaka gani, alipelekwa nchi gani kusoma. Kama alipenda kutaja mtaa wa kwao, andika. Alizungumza lugha gani na wenzake, hiyo nayo inapunguza msako. Picha ikiwepo, tazama nyuma kama kuna maandishi.

---

Mwl_Mstaafu:

Na kama mama alikuwa kwa watu wa usafi, wapo wenzake walio hai Kihonda na Mazimbu kwenyewe. Njoo ujumbe wa faragha, nikupe wa kuanza naye.